Gari la Ng'ombe Tisa

Hakikulia kishindo chochote. Watu wanaosimulia vifo vya injini hupenda kutia chumvi, mara moto, mara moshi, mara chuma kuruka. Gari la Latyr Faye lilitoa sauti moja ndogo tu, pa, kama mtu aliyekata uzi kwa meno, kisha likanyamaza. Lilikuwa na abiria saba, katikati ya mbuga ile nyeupe ya chumvi iliyo baina ya miji ya Fatick na Kaolack, mahali ambapo hata mbuzi hana sababu ya kusimama. Latyr akaliacha lijiendee lenyewe mpaka pembeni mwa barabara, ameshika usukani uliokuwa mzito ghafla, na moyoni alikuwa ameshajua.

"Kijana, mbona umezima?" akauliza mama mmoja wa kiti cha nyuma, mchuuzi wa samaki wakavu, ambaye beseni lake lilikuwa limewatesa wenzake kwa harufu tangu Fatick.

"Limezimika lenyewe, mama."

"Basi na lijiwashe lenyewe, maana mimi nasubiriwa sokoni."

Abiria wakacheka. Latyr naye akacheka, kile kicheko cha dereva cha kuwapoza watu. Akazungusha ufunguo. Injini ya dizeli iliyo hai ni nzito kuizungusha. Huguna, hugoma kidogo, ndipo ikubali. Hii ilizunguka kwa wepesi wa ajabu, bure bure, kama baiskeli iliyotoka mnyororo. Akazungusha tena. Dereva yeyote mwenye akili angeacha pale pale, kwa kuwa kila mzunguko ulizidi kuharibu kilichomo ndani, na Latyr akili alikuwa nazo. Ila mkono haukumsikia. Alizungusha mpaka betri ikaanza kulegea.

"Muache apumzike, mwanangu," akasema yule mama. "Unamsumbua maiti."

Wakacheka tena. Safari hii Latyr hakucheka. Akawarudishia nauli zao, akawasimamishia magari mmoja mmoja mpaka wakaisha, beseni la samaki likiwa la mwisho, kisha akakaa kwenye kivuli chembamba cha gari lake akingoja lori la kumvuta.

Gari lile watu wa stendi waliliita Ng'ombe Tisa, wala si kwa dhihaka. Mjomba wake Latyr, mzee Diogoye Tine, ndiye aliyeuza ng'ombe hao ili linunuliwe. Na kwa Wasereri, watu wa kabila lao, ng'ombe si wa mtu. Ni wa upande wa mama, hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, kizazi hadi kizazi, na mjomba ni mlinzi tu. Siku alipowatoa zizini, ndugu wa upande wa mama walikaa kikao kutwa nzima wakimshambulia. Unauza tumbo la mama yetu ununue chuma? Yeye akawajibu kwamba malisho yamegeuka chumvi, na kwamba gari ni ng'ombe asiyengoja mvua. Maneno hayo yalimponza, kwa sababu tangu siku ile gari likikohoa tu, ukoo mzima unamtazama yeye.

Zizini alibakiza fahali mmoja mweusi, wa maziko yake mwenyewe. Mzee wa Kisereri akizikwa bila fahali kuchinjwa, waombolezaji hula wali wao kimya kimya na kuondoka wakinong'ona. Mzee Diogoye hakuogopa kufa hata chembe. Alichoogopa ni minong'ono hiyo.

Kwa hiyo lililolala pale kando ya barabara halikuwa gari. Ilikuwa mali yote ya upande wa mama yake, na Latyr ndiye aliyepewa usukani.

Na kuhusu mkanda wa injini alionywa. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna pale kivulini kuliko jua.

Alikuwa amempelekea Yero Wane gari kabla ya mvua kuanza, abadilishiwe oili. Yero ni fundi mwenye gereji yake ndogo nyuma ya stendi ya Kaolack, na ni Mtukulori. Msereri na Mtukulori ni watani tangu enzi za mababu. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake, humsingizia ulafi, wizi na ulevi, na mwenye kutukanwa hucheka, akarudisha, wakagawana kahawa. Kumkasirikia mtani ni fedheha. Kuyachukulia maneno yake kwa uzito ni ushamba. Latyr na Yero walikuwa wametukanana miaka nenda miaka rudi bila hata mmoja kumwita mwenzake kwa jina.

Siku hiyo Yero alipenyeza mkono ubavuni mwa injini, akaupapasa ule mkanda wa taimingi, mpira wenye meno unaozifanya valvu zifunguke na kufunga kwa zamu yao, zisikutane na pistoni. Akautoa mkono, akautazama, kisha akageukia mafundi wa jirani na kupiga ukelele.

"Njooni mumuone Msereri! Mkanda wake umezeeka kuliko mjomba wake, na meno yamemwisha kama mjomba wake! Sikiliza wewe mtumwa wangu, ubadilishe huu, la sivyo hautayaona mavuno. Ukikatika utarudi kwenye jembe, ulime karanga za babu zangu kama ulivyoumbwa!"

Gereji ikalipuka kwa vicheko. Latyr hakukubali kushindwa mbele ya watu.

"Mwizi wa Kitukulori! Umesikia harufu ya ng'ombe tisa, sasa unamtafuta wa kumi? Nenda kachunge wako, kama babu yako alikuachia hata mkia!"

"Babu yangu aliniachia wewe!"

Basi, hapo ushindi ukawa wa Yero, mtu akamimina chai, na mkanda ukasahauliwa. Latyr alifika na tukio hilo nyumbani kama kisa cha kuchekesha. Mkewe Dibor, wakila wali wa samaki, alicheka mpaka akapaliwa. Na kwa nini wasicheke? Yero alishatabiri kwamba paa la Latyr litamwangukia, na kwamba Dibor atatoroka na mchunga mbuzi. Paa lilikuwa palepale na Dibor palepale. Nani angejua kwamba katika mlundo ule wa matusi fundi alikuwa amechomeka neno moja la kweli? Mkanda mpya, pamoja na kazi, ungemgharimu bei ya beberu wa kawaida.

Lori la chumvi lilimvuta mpaka Kaolack. Kuvutwa ni adhabu yake peke yake. Umekaa kwenye kiti chako cha kila siku, umeshika usukani wako, na huendi popote kwa amri yako. Breki bila injini ni ngumu kama kukanyaga ukuta, na kila lori lilipopunguza mwendo Latyr alikanyaga kwa miguu miwili huku akimwomba Mungu. Vumbi la chumvi lilimwagika kutoka nyuma ya lori likamjaa kwenye nyusi. Walipoingia stendi, madereva wenzake walisimama wakamtazama akipita. Hakuna aliyemtania hata mmoja.

Yero ndiye aliyemponya. Alitoka gerejini, akashika kiuno, akaangua kicheko.

"Jamani, Msereri kafika amefungwa kamba kama kondoo wa Tabaski apelekwaye kuchinjwa! Nani kakununua, mtumwa wangu? Mbona hakuniuliza mwenye mali?"

Latyr akahisi pumzi inamrudi. Aliweza hata kujibu.

"Funga mdomo, fungua boneti. Ndiyo kazi pekee unayoiweza."

"Mkanda?"

"Mkanda."

"Nilisema nini? Si nilisema jembe linakungoja?" Yero akavua kifuniko cha ubavuni, akaingiza mkono, akauvuta mkanda ukatoka vipande vipande, nyuzi zikining'inia. Akamvisha Latyr kipande kimoja shingoni. "Haya, hirizi yako hii. Kalale. Kesho nitaifungua injini nione umeua wangapi."

Latyr alikwenda kulala kwa shemeji yake mjini akiwa na tumaini. Maadamu Yero alikuwa akitukana, mambo hayajaharibika. Akampigia simu mjomba wake, akamwambia gari linaumwa kidogo, mkanda tu, fundi analishughulikia. Upande wa pili wa simu mzee akauliza:

"Kidogo kiasi gani?"

"Tutajua kesho, mjomba."

"Basi kesho nitakuwepo hapo."

Asubuhi Latyr alimkuta Yero ameshaanza. Akamtania kuhusu spana zake zilizoota kutu, Yero akamjibu kwamba ni kutu ya jasho la Wasereri. Akaagiza kahawa ya Touba, ile ya viungo, wakanywa. Fundi akafungua boliti moja baada ya nyingine, akainyanyua silinda hedi, kile kifuniko kizito cha injini, akailaza juu ya gunia, akaigeuza. Akapiga magoti. Akachukua tochi, akamulika ndani ya injini, tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Akarudia kumulika.

"Vipi?" akasema Latyr. "Umeona chakula?"

Yero akaendelea kumulika. Latyr akadhani hakusikia.

"Nasema umeona chakula, Mtukulori, mbona umeinama kama..."

"Kaa chini, Latyr."

Latyr alikaa, juu ya tairi bovu lililokuwa karibu. Miguu ndiyo iliyokaa. Yeye mwenyewe alikuwa bado anajiuliza sauti ile imetoka wapi. Tangu wajuane Yero hakuwahi kulitamka jina lake. Lilisikika mdomoni mwake kama jina la mtu aliyefiwa.

"Valvu zote zimepinda," Yero akasema polepole. "Mbili zimevunjika, vichwa vyake vimeingia ndani. Pistoni hii imetoboka. Hii pia. Hedi imepasuka, tazama hapa, na hapa. Ukuta wa silinda umechimbika. Uliendelea kupiga stata baada ya kuzimika?"

Latyr akatazama chini.

"Haidhuru," Yero akasema haraka. "Huenda ilikuwa imeshakwisha."

Hata hiyo huruma ilimchoma. Yule Yero wa jana angemwita punda wa kuzaliwa, na angekuwa na haki.

"Sema bei."

"Hakuna bei ya kutengeneza hii. Labda kutafuta injini nyingine, kuukuu, kutoka Dakar. Hiyo peke yake inakula zaidi ya thamani ya gari. Na hujui imetembea wapi, na nayo ina mkanda wake, hujui umezeeka kiasi gani. Bodi lenyewe ona, chumvi imelila chini kote. Ningeweza kukuambia tujaribu. Ningekula hela yako miezi mitatu." Akafuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa imechafuka upya. "Sitaki."

Latyr alihisi hasira ikimpanda, na akaipokea kwa furaha, kwa kuwa angalau ilikuwa kitu cha kushika.

"Ulijua! Uliushika kwa mkono wako ukajua. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Ulinitania! Ulinitukana mbele ya watu ukaniita mtumwa! Mtu na akili zake anamwambia mwenzake jambo kama hilo kwa kelele na vicheko?"

"Ningekwambiaje?" Yero akauliza, na halikuwa swali la kujitetea. "Niambie. Mimi na wewe tuna maneno gani mengine? Ningekuvuta pembeni nikakwambia Latyr, ndugu yangu, tafadhali badilisha mkanda, ungefanyaje?"

Latyr akafikiri. Angecheka zaidi. Angekwenda kuwasimulia stendi nzima kwamba Mtukulori kaugua, anaongea kwa adabu. Hasira ikamtoka yote kwa mara moja, ikamwacha mikono mitupu. Hata wa kumlaumu hakuwa naye, kwa sababu mtani hashtakiwi.

"Usiku nililiwaza," Yero akaongeza kwa sauti ndogo. "Siku ile ile. Nikasema kesho nitampigia simu. Kisha nikaona atanicheka."

Wakakaa. Kahawa iliyobaki ikapoa kwenye vikombe. Kuna namna ya kukaa ya watu wasio na la kufanya, wanaotazama kitu kile kile kwa sababu kukitazama ndiko kulikobaki, na wao walikaa hivyo mbele ya injini iliyofumuliwa mpaka adhana ya adhuhuri ikaita. Latyr alikuwa akitunga maneno ya kumwambia mjomba wake. Kila alipoyapanga yalianza na "mkanda tu", na hapo hapo yakaanguka.

Mzee Diogoye Tine aliteremka kwenye gari la abiria amevaa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, ingawa haikuwa Ijumaa, fimbo mkononi, kofia imekaa sawasawa. Alimjua Yero. Wamewahi kupambana mara nyingi katika gereji hii, na mzee alikuwa akizingoja siku hizo kama wengine wanavyongoja sikukuu. Alianza akiwa bado mlangoni.

"Yuko wapi yule mtumwa wangu mwenye masikio ya punda? Nimesikia amemchinja ng'ombe wangu bila ruhusa! Toka nje, Mtukulori, nikuuze nipate hela ya ugoro!"

Akasimama, ameegemea fimbo, tabasamu limeshamjaa usoni, akingoja kurudishiwa.

Yero aliinuka. Akaenda mpaka aliposimama mzee, akaupokea mkono wake kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa.

"Karibu, baba. Pole na safari. Njoo ukae hapa kivulini."

Tabasamu la mzee likabaki pale pale usoni, halina kazi. Akamtazama fundi juu mpaka chini. Akajaribu tena, na safari hii sauti haikuwa na nguvu ileile.

"Unanipa kiti? Mtukulori anampa Msereri kiti? Umeweka miiba?"

"Hapana, baba. Kaa tu."

"Latyr," mzee akasema bila kumtazama mpwa wake, "huyu mtu ana nini?"

Latyr akainama, akasogeza vikombe vya kahawa miguuni pake. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mzee akakaa taratibu, fimbo katikati ya magoti, akamsogelea fundi kidogo, akaanza kuongea kwa sauti ya chini ya mtu aliye sokoni na asiyetaka wengine wasikie.

"Fahali wangu nimempatia mnunuzi. Bei nzuri. Mtu mwenyewe anangoja simu yangu hadi jioni. Minong'ono nitaisikia kaburini, haidhuru, bora mtoto huyu apate pa kushika. Nataka neno moja tu kwako. Nimwachie mnunuzi huyo fahali?"

Yero akatazama mikono yake.

"Nimwachie, au nisimwachie?"

Hapo Latyr akashindwa. Alisimama ghafla, tairi likapinduka.

"Mtukane!" akapaza sauti. "Mtukane, Yero! Mwambie meno hana! Mwambie ni mtumwa wa babu yako, mwambie mlevi, mwambie chochote! Jana si ulikuwa unatukana vizuri? Mtukane mjomba wangu hata neno moja!"

Mafundi wa jirani waliacha kugonga. Latyr machozi yalikuwa yakimtoka na hakujali nani anaona. Akamshika Yero kifua cha ovaroli, akamtikisa, kama mtu anayejaribu kuwasha kitu.

"Tafadhali, mtani wangu. Tafadhali."

Yero akafungua mdomo. Alijaribu, hilo hakuna wa kumnyima. Alijinyoosha, akaweka mkono kiunoni kama kawaida yake, akamgeukia mzee.

"Wewe mzee wa Kisereri," akaanza, "wewe mla... wewe..."

 Akageuza uso, akainama kwenye sanduku la vyombo, akajifanya anatafuta spana.

Mzee Diogoye aliinuka kwa fimbo yake, akaenda mpaka kwenye gari. Boneti ilikuwa wazi na ndani hamna kitu cha kutazama kwa mtu asiyejua injini, hivyo hakutazama ndani. Aliweka kiganja ubavuni, juu ya bati la mlango, akakiacha hapo kitambo kirefu, jinsi mfugaji anavyomshika mnyama aliyelala. Latyr alimuona akisogeza midomo. Alijua anataja majina ya wale ng'ombe, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na jina, na mzee hakuwahi kusahau hata moja.

Kisha akarudi alipoinama fundi, akamwekea mkono begani.

"Basi, mwanangu," akamwambia. "Usijilazimishe. Nimeshasikia."

Akamgeukia mpwa wake, akamnyooshea simu.

"Mpigie yule mnunuzi, mimi macho hayaoni namba. Mwambie fahali hauzwi. Nitamhitaji karibuni."